WhatsApp, Google Classroom, Moodle au Kolibri: mwalimu anayeanza kazi Uganda achague ipi?

Sisi tunaosomea ualimu huonyeshwa zana za kidijitali katika maabara yenye mtandao wa chuo, kila mtu na kompyuta yake. Mhadhiri anabonyeza, nasi tunabonyeza, kitu kinafunguka, tunapewa alama. Kisha tunatumwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Huko tunakuta S1, yaani kidato cha kwanza, yenye watoto themanini na kitu, soketi moja karibu na ubao, na tangazo kwenye mlango wa ofisi kwamba mwanafunzi akikutwa na simu itachukuliwa.

Kwa hiyo sikuona faida ya kulinganisha zana hizi kwa wingi wa vibonyezo. Nimezipima kwa maswali matatu: kifaa kiko mikononi mwa nani, bando analipa nani, na mtandao ukikatika kinabaki nini. Kwa kipimo hicho, baadhi ya zana zinazosifiwa sana chuoni zinashika mkia, na moja ambayo wengi wetu hatukuwahi hata kuisikia darasani inaongoza.

Mazoezi yangu ya Kiswahili yalikuwa eneo la Bombo, wilaya ya Luweero. Kwa asiyepajua, ni mji wa kambi ya jeshi na wa Wanubi. Darasa moja lina watoto wa kambini waliokizungumza Kiswahili tangu wakibebwa mgongoni, na watoto wa nyumba za Kiganda wanaokutana nacho kwa mara ya kwanza wakiingia sekondari. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza 2020 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima S1 na S2, basi wote wanakaa benchi moja na kumtazama mwalimu mmoja. Mengi nitakayoyasema hapa yanatokana na darasa hilo.

Historia nitaipitia haraka kwa sababu kila Mganda anaikumbuka. Shule zilifungwa Machi 2020, madarasa ya watahiniwa yakaitwa Oktoba, mengine yakarudi kwa awamu, zikafungwa tena Juni 2021, na milango haikufunguliwa kwa wote hadi tarehe 10 Januari 2022. Sisi tuliokuwa sekondari wakati ule ndio tunaokaribia kushika chaki sasa. Kituo cha Taifa cha Kuendeleza Mitaala, NCDC, kilitoa vijitabu vya kujisomea, redio na televisheni zikarusha masomo, na shule zenye uwezo zikahamia Zoom na WhatsApp. Nyumbani kwetu tulikuwa na redio. Shida ya redio haikuwa ubora wa mwalimu, maana wengine walikuwa hodari kabisa. Ilikuwa kwamba sentensi ikikupita imekwenda, na huna wa kumwambia arudie. Tangu hapo, zana yoyote naiuliza kwanza kama mtoto anaweza kurudi nyuma.

WhatsApp na Google Classroom

Hizi mbili ndizo zinazoshindana kweli, kwa kuwa zote ni za bure na zote zinaingia kwenye simu janja ya bei ya chini.

WhatsApp ina faida moja inayoshinda nyingine zote: tayari ipo. Mwenye duka anaagizia sukari kwayo, mama wa mwanafunzi anasalimiana nayo na dada yake aliye Juba, mwalimu mkuu anawaitia walimu mkutano. Ukifungua grupu leo jioni, kesho asubuhi watu wamo. Linabeba hadi watu 1,024, linatosha mkondo mzima na wazazi wake. Tena kampuni za simu zinauza mabando ya mitandao ya kijamii peke yake, kwa hiyo mzazi asiye na data ya kufungua tovuti bado anaweza kuupata ujumbe wako.

Kwa mwalimu wa lugha kuna sababu nyingine, nayo ni sauti. Watoto wengi wa nyumba za Kiganda huandika "balua" na "habali", kwa sababu ndivyo sikio lao linavyosikia. Kalamu nyekundu chini ya neno haiponyi sikio. Nilirekodi sentensi fupi fupi zilizochanganya r na l kwa makusudi, "Barua ya Lilian ililetwa na Rajabu" na nyinginezo za namna hiyo, nikazituma kwa wazazi waliokubali. Mtoto alisikiliza jioni mara anazotaka, akarekodi yake, akanirudishia. Watoto wa kambini niliwapa sauti zile zile kwa kazi tofauti: waandike walichosikia. Hao wanasema vizuri kunishinda mimi mwenyewe, ila daftarini wanaandika "ana kuja" na "nime kula" kama maneno mawili. Dakika moja ya ujumbe wa sauti haifikishi hata megabaiti moja, basi gharama haikumtisha mtu.

Ubaya wa WhatsApp unaanza kazi inapokuwa nyingi. Swali ulilotuma Jumatatu limezikwa chini ya tangazo la msiba, "amina" thelathini na picha za maua za asubuhi njema. Unaweza kulifunga grupu ili waandike maadmini tu. Hapo majibu yote yanahamia kwenye simu yako, moja moja, saa nne usiku, picha za daftari zilizopigwa kwenye mwanga wa taa ya sola, na nusu yake hazina jina. Kujua nani hajaleta kazi ni kuhesabu kwa vidole. Tena namba ya kila mwanagrupu inaonekana na wote. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto, na hata isingetaka, kuna akina mama waliowahi kupigiwa simu usiku na mtu waliyekutana naye kwenye grupu la shule pekee. Omba ruhusa kwanza. Na usiwaweke watoto wenyewe, waweke wazazi.

Google Classroom, iliyotoka mwaka 2014, inaanza kufaa pale WhatsApp inapochoka. Kila kazi ina mahali pake na tarehe ya mwisho, na orodha ya walioleta na wasioleta inajipanga yenyewe. Mwanafunzi anapiga picha daftari akiwa ndani ya programu hiyo hiyo. Unarudisha kazi ukiwa umeandika maoni pembeni ya sentensi unayoizungumzia. Maswali ya kuchagua unayaweka kwenye Google Forms, nayo inasahihisha yenyewe wakati wewe unakula chakula chako.

Kikwazo chake ni akaunti. Mtoto anatumia simu ya mama, akaunti iliyo wazi ni ya mama, kazi inafika kwa jina la mama, au la shangazi aliyekuwa na simu hiyo kabla yake. Nywila zinasahaulika kila Jumatatu. Shule inaweza kujisajili kwenye Google Workspace for Education bila malipo ikikubaliwa, kisha ikampa kila mtoto anwani yake. Lakini hapo inahitaji tovuti yenye jina lake, na mtu wa kuisimamia baada ya wewe kumaliza mazoezi na kurudi chuoni. Katika shule nyingi mtu huyo hayupo.

Kuna mtego wenzangu wengi hunasa: wanatuma kiungo cha Google Forms ndani ya grupu la WhatsApp, kisha wanashangaa wamejibiwa na wachache. Bando la mitandao ya kijamii linaleta ujumbe lakini halifungui kiungo. Mzazi ameliona swali, amebonyeza, skrini imebaki nyeupe, naye anaona aibu kusema. Ukitaka majibu kutoka kwa wote, andika maswali ndani ya ujumbe wenyewe, wakujibu "1B, 2A, 3D".

Hukumu yangu: kwa S1 hadi S4 katika shule ya kutwa, tumia WhatsApp kuwafikia wazazi na kutuma sauti, basi. Google Classroom ibaki kwa S5 na S6 ambao wengi wana barua pepe zao, au kwa kikundi cha walimu wanaotayarisha masomo pamoja. Kwa shule ya bweni zote mbili hazina kazi wakati wa muhula, kwa kuwa mtoto hana simu, utazitumia likizoni. Na kama ulifikiria grupu la Facebook, liache. Facebook ilifungiwa Uganda Januari 2021, na kumtaka mzazi afungue VPN, programu ya kupenya kizuizi hicho, ili aone kazi ya nyumbani ni kumwonea.

Moodle

Moodle, jukwaa la kuwekea kozi mtandaoni, tunaijua sisi kama wanafunzi kuliko tutakavyoijua kama walimu. Ilianzishwa na Martin Dougiamas wa Australia, toleo la kwanza likatoka 2002, na kwa kuwa msimbo wake ni wa wazi chuo chochote kinaweza kuiweka kwenye seva yake. MUELE, jukwaa la masomo la Chuo Kikuu cha Makerere, imejengwa juu yake. Ina benki ya maswali, majukwaa ya mijadala, alama, kila kitu, na programu yake ya simu inakuruhusu kupakua kozi ukiwa kwenye mtandao wa chuo kisha ukasoma nyumbani bila data. Hilo la mwisho wanafunzi wengi hawalijui, nao wanachoma bando kufungua ukurasa ule ule kila siku.

Kwa sekondari ya kawaida siipendekezi hata kidogo. Inataka seva na fundi. Itumie kujifunza jambo lingine: angalia namna unavyojisikia mhadhiri anapotupia PDF arobaini bila maelezo, na unavyojisikia anapoweka moja yenye maswali matatu ya kukuongoza. Programu ni ile ile kwa wahadhiri wote wawili.

Zoom na Meet

Hapa sina mengi. Zoom ya bure inakata kikao baada ya dakika 40, Google Meet ya bure baada ya dakika 60 mkiwa watatu au zaidi. Saa moja ya video ya kikundi inaweza kula karibu gigabaiti nzima, na tangu Julai 2021 data tunayonunua ina ushuru wa asilimia 12, uliochukua nafasi ya ile kodi ya mitandao ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza 2018. Mtandao ukiyumba, robo ya somo inakwisha kwa "mnanisikia?", na mtoto aliyepitwa hawezi kurudi nyuma isipokuwa uwe umerekodi. Yaani tumerudi kwenye redio, safari hii redio inayolipiwa kila dakika.

Kuna matumizi mawili ninayoyakubali. La kwanza ni mikutano ya sisi kwa sisi, na msimamizi wako wa mazoezi. La pili ni kumleta mgeni darasani: simu moja au kompyuta moja, projekta, na mzungumzaji aliye Mombasa au Tanga akiulizwa maswali na watoto. Walimu wa Kiswahili hawatoshi nchini, na wapo wanaopendekeza mwalimu mmoja afundishe shule mbili tatu kwa video. Wazo lenyewe halinichukizi, ila ningependelea arekodi masomo mafupi ya sauti, kisha nguvu na fedha zilizobaki ziende kwenye kile kinachofuata.

Kolibri na YouTube

Hii ndiyo zana ambayo chuoni hatukutajiwa. Kolibri imetengenezwa na Learning Equality, shirika la Marekani lisilo la faida, ilitoka 2017 na ni ya bure. Inafanya kazi hivi: unaiweka kwenye kompyuta moja, unaijaza masomo kutoka intaneti mara moja au kutoka kwa flashi ya mwenzako, kisha kompyuta hiyo inakuwa seva. Vifaa vingine vinajiunga nayo kwa Wi-Fi ya pale pale chumbani, mwanafunzi anafungua kivinjari, anaandika anwani fupi, anaingia. Intaneti haihitajiki. Bando halihitajiki. Januari 2021 intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi, darasa la namna hii lisingejua kama kuna kitu kimetokea nje.

Ndani yake kuna video na mazoezi ya Khan Academy, hadithi za African Storybook na mengine mengi. African Storybook ni mradi wa Saide wa Afrika Kusini uliozinduliwa 2014. Hadithi zake zina leseni ya wazi, unaruhusiwa kuzichapisha na kuzitafsiri, na nyingi zipo kwa Kiswahili na kwa Kiganda pia. Kwa darasa langu la Bombo hili lilikuwa na maana ya pekee: hadithi ile ile mtoto wa Kiganda anaisoma kwanza kwa lugha ya nyumbani, kisha kwa Kiswahili, wakati mtoto wa kambini anaanza na Kiswahili na kuandika mwisho mwingine. Kolibri inamruhusu mwalimu kugawa darasa katika vikundi, kila kikundi na masomo yake, kisha inamwonyesha nani amemaliza na swali gani limewashinda wengi. Watoto hawahitaji barua pepe. Jina na nywila unawatengenezea mwenyewe, na nywila zikisahaulika unazibadilisha hapo hapo.

YouTube ina vingi kuliko Kolibri, hakuna ubishi. Vipindi vya Ubongo Kids kutoka Dar es Salaam viko huko, masomo ya walimu wa Kenya na Tanzania yako huko, na ukitafuta "ngeli" utapata zaidi ya utakavyoweza kutazama. Lakini YouTube ni chombo cha mwalimu kutayarishia somo, si cha mwanafunzi. Ukiifungua darasani unachezesha data yako mwenyewe, tangazo la kubeti linajitokeza katikati ya somo la sarufi, na video ikiisha inakuja nyingine usiyoichagua. Pakua unachokihitaji kwa njia inayoruhusiwa, ukionyeshe kwa projekta, usimamishe kila dakika mbili tatu na kuuliza swali. Video ya dakika ishirini isiyosimamishwa ni ruhusa ya kulala.

Sasa ugumu wa Kolibri, kwa kuwa upo. Wa kwanza ni ukubwa: mkusanyiko wote wa Khan Academy unafika makumi ya gigabaiti, basi chagua mada unazofundisha tu. Wa pili ni kwamba sehemu kubwa ya masomo hayo iliandikwa kwa watoto wa Marekani. Hesabu za dola na maili zimo. Hakuna mada iliyopangwa kwa mpangilio wa NCDC isipokuwa wewe uipange, na kazi hiyo ni ya jioni kadhaa. Wa tatu ni Wi-Fi. Kompyuta ya Windows inaweza kurusha mtandao wake yenyewe, lakini inapokea vifaa 8 tu. Niliuliza kwa nini kifaa cha tisa kinakataa, na mzee anayetunza maabara akacheka: "Mwalimu, hapo usihangaike na kompyuta. Tafuta rauta ndogo, hata ya zamani, haihitaji laini." Alikuwa sahihi. Rauta ya nyumbani isiyounganishwa na intaneti inatosha kabisa, na maduka ya vifaa vilivyotumika Kampala yamejaa hizo.

Halafu kuna maabara yenyewe. Mfuko wa mawasiliano vijijini, RCDF, ulioanzishwa 2003 chini ya tume ya mawasiliano UCC na ambao sasa unaitwa UCUSAF, umepeleka kompyuta katika shule nyingi za sekondari za serikali. Katika shule kadhaa nilizofika au kusimuliwa na wenzangu, chumba kipo, kimefungwa, ufunguo uko na mtu aliyehama, na vitambaa vimefunika skrini. Au kompyuta ziko sawa ila umeme wa Yaka, ule wa kulipia kabla, umeisha na ada za wanafunzi hazijaingia. Kabla ya kuchagua programu yoyote, omba kukiona chumba hicho. Hesabu zinazowaka, siyo zilizopo. Kompyuta ishirini zinazowaka kwa wanafunzi themanini ni wanne kwa kila moja, nayo inafanyika: wawili wanasoma skrini na kuandika, wawili wanafanya kazi ya daftari, mnabadilishana baada ya dakika kumi na tano. Shule ambayo haina maabara kabisa inaweza kutumia kompyuta mpakato moja na projekta, na Kolibri bado itafaa kama kabati la masomo ya mwalimu, ila faida ya kila mtoto kwenda kwa kasi yake inapotea.

Kupima kama wameelewa: Kahoot, Plickers, au mikono

Kahoot, mchezo wa maswali kutoka Norway uliozinduliwa 2013, ilitufurahisha sana chuoni. Muziki, rangi, jina lako linapanda juu. Inataka kifaa kwa kila mchezaji au angalau kwa kila timu, na intaneti kwa wote. Bombo ilibaki kwenye simu yangu.

Plickers ndiyo iliyonishangaza. Unachapisha kadi za karatasi, kila moja ina alama nyeusi ya umbo lake na namba ya mtoto mmoja. Kadi ina pande nne, A, B, C na D, kwa herufi ndogo ambazo jirani hawezi kuzisoma. Unauliza swali, mtoto anainua kadi akiwa ameigeuza kwa jibu lake juu, nawe unapitisha kamera ya simu darasani kama unayepiga picha ya harusi. Majibu yanaingia kwa majina. Simu ni moja, ya mwalimu, na mtandao ni wa mwalimu peke yake. Yule mtoto wa nyuma asiyeinua mkono kamwe, safari hii amejibu, na wewe umejua kwamba amejibu vibaya bila mtu mwingine kumcheka.

Seti kubwa ya kadi zake ina 63. Hapo darasa la themanini linaleta mzozo: ama uwapange wawili wawili kwa kadi moja, ama ugawe darasa. Nilipenda wawili wawili, kwa sababu lazima wabishane kwanza kabla ya kuigeuza kadi, na mabishano hayo ya chini kwa chini ndiyo nusu ya somo. Zibandike kwenye kadibodi. Karatasi tupu hujikunja baada ya wiki, na vidole vikifunika alama nyeusi kamera haioni kitu.

Bila simu kabisa, vidole vinatosha. Kidole kimoja ni A, viwili B, wote wanaonyesha kwa pamoja mbele ya kifua. Unakosa kumbukumbu ya nani alijibu nini, lakini kwa kujua kama uendelee au urudie, inafika pale pale. Ukiwa mgeni shuleni ningesema anza na vidole, kisha Plickers, na Kahoot uiache kwa siku ya maonyesho.

Kutunza alama: daftari, Excel au Google Sheets

Walimu wengi hawaoni hii kama teknolojia ya darasani, na kwangu hii ndiyo itakayokuokoa. Chini ya mtaala mpya, tathmini endelevu inachukua asilimia 20 ya matokeo ya UCE, cheti cha mwisho wa S4, na mtihani wa mwisho asilimia 80. Kundi la kwanza lilifanya mtihani huo 2024. Mwishoni mwa kila mada kuna kazi ya kuunganisha stadi, na alama zake lazima zitunzwe mpaka shule izipeleke UNEB, baraza la mitihani la taifa. Zidisha wanafunzi themanini kwa mada zote na masomo yote.

Daftari la alama halihitaji chaji na mkaguzi analiheshimu. Lakini likipotea au likilowa mvua, hakuna nakala. Google Sheets inajihifadhi mtandaoni, walimu wawili wanaweza kujaza kwa pamoja, na programu yake ya simu inakuruhusu kuandika bila mtandao ukiiwekea hivyo mapema. Ukirudi kwenye mtandao inajisawazisha. Excel kwenye kompyuta ya shule ni nzuri kwa wastani na orodha, ila faili linaishi kwenye mashine moja ambayo kila mtu anaingiza flashi yake, na virusi vya flashi katika shule zetu tunavijua. Mimi ninaandika kwanza kwenye daftari darasani, kisha Ijumaa nahamishia Sheets. Ni kazi mara mbili, sikatai. Mkuu wa taaluma anapoomba alama kesho asubuhi, ninampa.

Akili mnemba nimeiacha nje ya mashindano haya kwa sababu haifundishi darasa. Inamsaidia mwalimu kutayarisha. ChatGPT inaandika maswali ya ufahamu haraka, nayo inakosea upatanisho wa ngeli kwa kujiamini kabisa. Soma kila sentensi kabla haijafika ubaoni.

Ukipangiwa shule, kabla ya kununua chochote muulize mwalimu mkuu mambo haya: kompyuta ngapi zinawaka, umeme unalipwa na nani, wazazi wangapi wana simu janja na wangapi wana katochi tu, ile simu ndogo ya vitufe, na kama kuna mwalimu mwingine atakayebaki na nywila ukiondoka. Kama fedha zako zinatosha kitu kimoja tu, acha bando la mwezi, nunua rauta iliyotumika na flashi ya gigabaiti 64. Kolibri pamoja na mada za muhula mmoja zinaingia humo zote, na ukimaliza mazoezi unamwachia mwenzako.